Kazi ya Ghala na Ngazi Zake

Wazee wa vijiji na walimu, mara nyingi husikiwa wazazi wa milima ya Uluguru wakisema ya kuwa kazi ya ghala ni kubeba magunia tu, wala haimfai mtoto aliyesoma. Leo twapenda kuonyesha kwamba sivyo.

Zamani mizigo ilipita Morogoro juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Mwaka 1907 reli ikafika kutoka Dar es Salaam, na mwaka 2024 treni ya umeme ikaanza kuchukua abiria kati ya miji hiyo. Njia zimebadilika, lakini mzigo usiopokewa vema na kuandikwa hupotea leo kama ulivyopotea zamani.

Funzo la kwanza ni utunzaji. Mahindi yapokewe makavu, unyevu wake usizidi sehemu 13 na nusu katika 100. Magunia yapangwe juu ya chaga, mbali kidogo na ukuta. Yaliyotangulia kuingia ndiyo yatangulie kutoka.

Funzo la pili ni daftari. Tuseme yameingia magunia 120, yakatoka 45. Daftari lasema yamebaki 75. Nawe ukihesabu ukaona 73, usiandike 75 kwa hofu. Andika 73, umwarifu mkubwa wako siku ile ile. Magunia mawili yakifichwa, mkulima hupunjwa jasho lake, na pengine atalipishwa kijana asiye na kosa.

Ajuaye mambo haya haachwi mlangoni. Mchukuzi ajuaye kusoma na kuhesabu aweza kuwa msaidizi wa mtunza ghala, kisha mtunza ghala mwenyewe. Akiongeza elimu hupata cheti, stashahada, hata shahada ya ugavi. Masomo hayo hufundishwa Dar es Salaam katika Chuo cha Elimu ya Biashara, kilichoanza mwaka 1965, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, cha mwaka 1975. Hata hapa kwetu kipo Chuo Kikuu Mzumbe, kilichoanza mwaka 1953 kwa kufundisha machifu na watumishi wao. Iko pia Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2007, ambayo huwatahini wataalamu na kuwasajili.

Basi walimu, watilieni watoto mkazo katika hesabu na mwandiko safi. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.