SOMO: Kipimo cha Umeme Hufanyaje Hesabu Yake?



Vyama vyetu vingi vina mashine za kusaga, pampu, au betri za umeme wa jua zenye inveta. Fundi ajapo hutoa kipimo cha tarakimu, husoma volti, na kamati huandika muhtasari kwa mujibu wa tarakimu hizo. Yafaa tujue hupatikanaje, maana fedha za wanachama hulipwa au huzuiwa kwa sababu yake.

Umeme wa mkondo geu wa mizunguko 50 kwa sekunde hubadili mwelekeo mara 100 katika sekunde hiyo. Ukitafuta wastani wake utapata sifuri, kwa kuwa nusu ya kwenda hufutwa na nusu ya kurudi. Basi volti 230 tunazozitaja si wastani, wala si kilele. Kilele hufika takriban 325. Maana yake ni kwamba umeme huo hutia pasi joto sawasawa na volti 230 za mkondo mnyoofu, kama ule wa betri. Hesabu yenyewe ni hii: chukua mraba wa kila thamani, tafuta wastani wa miraba hiyo, kisha kipeuo chake cha pili.

Vipimo vingi vya bei nafuu havifanyi hivyo. Hugeuza nusu ya chini ikawa juu, hutafuta wastani, kisha huzidisha kwa 1.11. Kwa wimbi laini la umeme wa gridi, jibu ni sahihi. Lakini inveta za bei ya chini hutoa wimbi la vipande. Tuseme ni volti 325 kwa nusu ya muda na sifuri kwa nusu iliyobaki: joto lake ni la volti 230 kamili, ila wastani ni 162.5, na kipimo huonyesha kama 180! Nimeona kamati ikizuia malipo kwa sababu hiyo, na muuzaji asiye na hatia akaitwa mwizi.

Upande wa ampea hatari ni kubwa zaidi. Kifaa cha kielektroniki cha kubadili kasi ya mota huvuta mkondo wenye vilele vyembamba. Kipimo cha wastani huusoma pungufu, na waya hupata moto hali taarifa inasema salama.

Kipimo kifanyacho hesabu kamili huandikwa TRUE RMS usoni, na mara nyingi bei yake ni ya juu. Chama chenye umeme wa gridi na mota za kawaida tu hakina haja nacho. Penye inveta au kifaa cha kubadili kasi, Ndugu Katibu, usipokee taarifa ya fundi isiyotaja aina ya kipimo alichotumia.