Simba wa Bwana Barye

Kule Ufaransa, katika mji wa Paris, yuko simba asiyekula wala kunguruma. Amemkanyaga nyoka kwa mguu wa mbele. Nyoka anafungua kinywa. Simba anakunja uso na kuonyesha meno. Ni simba wa bronzi, ndiyo shaba iliyochanganywa na bati. Aliyemfanya ni fundi Antoine-Louis Barye.

Barye alizaliwa Paris mwaka 1795. Baba yake alikuwa mfua dhahabu. Hakufika Afrika hata siku moja; basi alimjuaje simba? Katika Paris kuna bustani kubwa, Jardin des Plantes, ambamo nyama wa pori walifugwa. Barye alikwenda huko mara nyingi na karatasi zake, akitazama jinsi simba anavyolala na anavyogeuza kichwa. Siku moja simba mmoja akafa. Rafiki yake Delacroix, mchora picha, akamwandikia aje mbio, kwa maana nyama aliyekufa hakawii kuoza. Barye alipima viungo na mifupa, kama seremala apimavyo mbao.

Watu walimwona simba wake kwanza kwa plasta, mwaka 1833. Kisha ukafanywa mfano wa nta. Nta ikafunikwa kwa udongo laini, tundu zikaachwa. Udongo ukakauka, ukatiwa motoni. Nta ikayeyuka, ikatoka yote, ikaacha nafasi yenye umbo la simba. Ndipo bronzi ya moto ikamiminwa ndani. Hapo fundi huwa na roho mkononi: bronzi isipofika hata kwenye ukucha mmoja, kazi imeharibika, na nta haipo tena. Honoré Gonon na wanawe ndio waliomimina. Udongo ulipovunjwa, simba akatoka mzima.

Wengine walimcheka Barye, wakisema fundi wa kweli huchonga watu wakubwa, si nyama. Mwaka 1837 waamuzi wa maonyesho walizikataa kazi zake. Akaanza kuuza mwenyewe nyama wadogo wa bronzi, wa kuweka mezani. Sifa alipata, fedha hazikutosha. Mwaka 1848 madeni yalimshinda, na mifano yake ikashikwa na mdai. Mpaka mwaka 1857 ndipo alipoipata tena.

Lakini tangu mwaka 1854 Barye alikuwa mwalimu wa kuchora nyama, katika bustani ile ile alimokwenda na karatasi zake. Mmoja wa wanafunzi wake, Auguste Rodin, baadaye alisifiwa kuliko yeye. Barye alikufa mwaka 1875. Simba wake yuko Louvre, na nyoka bado hajaponyoka.