Sisimizi nyumbani na shambani: kabla ya kununua dawa



Katika ziara zetu za sezo B, ulizo lililorudi mara nyingi halikuwa juu ya muhogo wala juu ya bei ya mahindi. Lilikuwa hili: "Agronome, sisimizi wanatumalizia maharagi, mutupe dawa gani?"

Tutajibu, lakini kwanza tunakataa neno moja. Sisimizi hamalizi maharagi. Majani ya maharagi si chakula chake. Basi anapanda kule kutafuta nini?

Kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali, muchague mti mmoja wa maharagi ambako sisimizi wanapanda na kushuka. Mugeuze jani, mutazame upande wa chini, kiisha mutazame ncha changa na maua. Mutaona vidudu vidogo vyeusi, laini, vimebanana kama unga wa makaa. Hivyo ni vidukari, wengi munaviita kwa Kifaransa "puceron". Vyenyewe ndivyo vinanyonya maji ya mti. Vikisha kushiba vinatoa maji matamu kwa nyuma, na sisimizi anakuja kuyanywa. Kwa sababu hiyo anavilinda kama mufugaji anavyolinda ng'ombe wake: anafukuza wadudu wanaovila, na mara zingine anavihamisha kwenye mti mwingine. Kidukari jike hakihitaji dume. Kinazaa watoto wazima, na baada ya wiki moja hivi wale watoto nao wanazaa. Ndiyo sababu mtu anaacha shamba zuri siku ya soko, anarudi wiki mbili nyuma anakuta majani yamejikunja.

Sasa tuseme habari ya dawa. Katika kikundi kimoja tunachofuata, mama mmoja alinunua sokoni poda nyeupe iliyofungwa katika kasashe, bila jina, bila karatasi ya maelezo. Aliichanganya katika beseni, akamwagia maharagi. Sisimizi walikufa, vidukari vilikufa. Walikufa pia wale wadudu wekundu wenye madoa meusi mgongoni, ambao kazi yao ni kula vidukari. Wiki mbili hazikupita, vidukari vilirudi, tena vingi kuliko mbele, juu hakuna aliyebaki wa kuvila.

Kama ingeishia hapo, ingekuwa hasara ya franga tu. Lakini ile poda iliyobaki aliinyunyiza jikoni, nyuma ya gunia la unga, juu ya sisimizi wa nyumba. Mtoto wake wa miaka minne alicheza pale, akatia mkono kinywani. Alitapika, akatoka mate mengi, wakamkimbiza usiku kwa moto mpaka kituo cha afya. Mtoto alipona. Mama alituambia: "Niliona ni nyeupe, nikafikiri haiwezi kuwa kali."

Kwa hiyo tunaomba jambo moja kwa kila koperative: dawa isiyo na jina na maelezo isiingie nyumbani, hata kama muuzaji ni jirani. Mtoto akiigusa, mumuoshe mikono na mwili kwa maji mengi na sabuni, mumuvue nguo alizovaa, mumupeleke kituo cha afya pamoja na kile kifuko. Musimulazimishe kutapika.

Kwa maharagi, sabuni inatosha ikiwa munaanza mapema. Mukate kipande cha sabuni ya kawaida ya kufulia, ukubwa wa kiberiti, muyeyushe katika maji ya moto kidogo, kiisha muongeze maji baridi mpaka litri tano. Sabuni ya poda hapana, inaunguza majani. Mupige magaribi, chini ya majani, mpaka vidukari vilowane, kwani sabuni inaua kile tu inachogusa. Mujaribu kwanza kwa miti mitano, mungoje siku moja, na kama majani ni mazima muendelee. Murudilie kila siku ya nne, mara tatu. Kwa shamba dogo, vidole viwili vinafanya kazi nzuri kuliko pompa: ponda vidukari kwenye ncha, au kata ile ncha uizike.

Majivu pia yanasaidia, lakini tuungame kosa letu. Miaka michache iliyopita, katika shamba la mafundisho, tuliwaambia watu watie majivu "mengi" kwenye miche ya mboga. Hatukusema kiasi gani. Siku tatu nyuma, nusu ya miche ilikuwa imeungua. Majivu ni makali. Yawe yamepoa, yamechekechwa, na mutie kidogo tu, kuzunguka shina bila kulifunika. Mvua ikinyesha yanaisha nguvu, munatia tena.

Kuna sababu nyingine ya kuvishughulikia vidukari mapema, nayo ni mbegu. Kidukari kinabeba ugonjwa wa mosaiki wa maharagi kutoka mti mgonjwa mpaka mti mzima, na ule ugonjwa unaingia hata ndani ya mbegu. Mukichukua mbegu kwenye miti yenye majani ya rangi mbili, yaliyokunjana, munapanda ugonjwa kwa mikono yenu sezo inayokuja. Wakati wa maua, mufunge kamba kwenye miti iliyo safi. Siku ya kuvuna, mbegu itoke kwa ile yenye kamba peke yake.

Kwa migomba jambo ni zito zaidi. Wandugu wa bonde la Ruzizi wanajua ule ugonjwa ambao mgomba unabaki mfupi, majani yanasimama wima yakibanana juu kama ufagio, ukingo wake ni wa manjano, na mkungu hautoki. Unaletwa na machipukizi yaliyotoka kwa shina gonjwa, na kidukari cha mgomba, ambacho kinajificha chini ya maganda makavu karibu na udongo. Mukiona sisimizi wengi wakiingia pale, mufungue maganda mutazame. Mgomba ukisha kushikwa haupone. Mupige kwanza maji ya sabuni juu na chini ili vidukari visihamie kwa jirani, kiisha mung'oe shina lote pamoja na watoto wake, mukatekate. Tunajua inauma kung'oa mgomba uliopandwa na mzee. Kuuacha ni kuugawia kijiji kizima.

Kwa kahawa, machungwa na avoka, sisimizi wanachunga wadudu wengine, wale wa pamba nyeupe na wale wa magamba. Mutawajua kwa masizi meusi juu ya majani. Mufunge kitambaa kwenye shina, mupake grisi juu ya kitambaa (si juu ya ganda la mti), na mukate matawi yanayogusa udongo, kwani sisimizi atapita hapo.

Lakini musiwatafute sisimizi wote kuwaua. Katika mahindi wanakula mayai na watoto wa lile funza lililofika Afrika mwaka 2016 na kuharibu mashamba mengi. Mahali pengine wakulima wanamwagia mahindi maji ya sukari kidogo makusudi ili sisimizi wapande.

Nyumbani, sisimizi wanafuata harufu ya njia ya wenzao. Kufagia peke yake hakutoshi: muoshe ile njia kwa maji ya sabuni au ndimu, kiisha muzibe tundu kwa udongo. Miguu ya meza ya chakula muitie ndani ya mikebe yenye maji na tone la sabuni. Kiota kilicho uani, mbali na mizizi ya mimea, mukimwagie maji yanayochemka, siku tatu mfululizo, watoto wakiwa mbali.

Siafu ni habari nyingine. Hao hawakai, wanapita tu, mara nyingi usiku baada ya mvua. Wazee wetu waliwaachia nyumba kwa saa chache, na walikuwa na haki: siafu wakitoka, mende na panya wametoka nao. Mutoe kwanza watoto wachanga, wagonjwa na wazee. Kiisha mufungue kuku, sungura na kobayi, juu mnyama aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Kwa wale wanaojenga vizimba sasa: mlango ufunguke upesi gizani, na miguu minne ya kizimba ikae ndani ya mikebe yenye maji na oili chafu ya moto. Mutazame mikebe kila wiki, kwani jani moja likianguka ndani linakuwa daraja.