Neno la Leo: "Exponentially"



Nilipoanza masomo hapa Lilongwe, niliandika insha ya Kiingereza kuhusu kwetu Dzaleka. Nikasema wakazi wa kambi wanaongezeka "exponentially". Mwalimu akalizungushia neno hilo wino mwekundu, akaandika pembeni: una hakika?

Nilikasirika. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994 ikakusudiwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo tumepita 50,000. Huko si kukua? Ni kukua, tena sana. Lakini neno hili halimaanishi "sana" wala "haraka". Maana yake ni kwamba kila hatua, kile kilichopo kinazidishwa kwa kiasi kilekile. Limetokana na "exponent", yaani kipeo katika hesabu. Wakija wageni 200 kila mwezi, huko ni kujumlisha: sema "steadily". Ukiona kasi tu na hujaipima, sema "rapidly".

Mfano halisi niliupata nyumbani. Kaka yangu alikopa katapila, kwacha 10,000, ampeleke mtoto hospitali. Riba ilikuwa nusu ya deni kila mwezi, na isipolipwa inaingia kwenye deni, nayo inazaa riba. Tazama:

Mwezi wa 1: 15,000
Mwezi wa 2: 22,500
Mwezi wa 3: 33,750
Mwezi wa 4: 50,625

Tuliuza baiskeli na simu, tukalimaliza hapo. Tungengoja hadi mwezi wa 6, lingefika 113,906. Lingekuwa la kujumlisha 5,000 kila mwezi, lingekuwa 40,000 tu. Basi hapa andika bila woga: "The debt grew exponentially."

Ndipo nilipoielewa Surat Aal-Imran, aya ya 130, inayotukataza kula riba maradufu kwa maradufu. Riba ni haramu hata ikiwa ndogo. Aya hiyo inatuonyesha inakoelekea.

Na insha yangu? Niliisahihisha. Mwenyeji akisoma kwamba wakimbizi tunaongezeka "exponentially", atadhani kesho tutaijaza nchi. Tusijitolee ushahidi usio wa kweli kwa neno tusilolipima.

Zoezi. Chagua "steadily" au "exponentially":
1. Darasa la Qur'ani linapata wanafunzi 10 wapya kila mwaka.
2. Uvumi unaenea kwenye simu. Kila anayeupata anawatumia watu 3 wapya.

Ukishajibu la pili, fikiri kabla ya kutuma ujumbe mwingine. Wabillahi tawfiq.