Gugu Mgeni na Malisho Yetu

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini yuko mgeni ambaye akija, mwenyeji hufa: naye ni gugu karoti. Asili yake ni nchi za Amerika, na katika nchi yetu lilitambuliwa Arusha mwaka 2010. Majani yake yamechanika kama ya karoti, na maua yake ni madogo, meupe.

Yafaa tujue jinsi linavyoshinda mimea mingine. Kwanza, huko lilikotoka wako wadudu walilao, huku hawako. Pili, mche mmoja waweza kutoa mbegu maelfu. Tatu, hutia ardhini sumu izuiayo mbegu za majirani zisiote. Basi penye majani ya aina nyingi husalia aina moja, nayo ng'ombe hawaipendi. Wakiila kwa njaa, maziwa yao huwa machungu. Watu nao huwashwa ngozi.

Hata majini ni vivyo hivyo. Sangara walitiwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950. Walipozidi, aina nyingi za furu zilitoweka.

Sisi wa Busi tusiseme Arusha ni mbali. Barabara itokayo huko kwenda Dodoma hupita wilaya yetu ya Kondoa, na mbegu husafiri katika matope ya magurudumu na kwato za mifugo. Walimu, wafundisheni watoto kulitambua. Wazee wa vijiji, likionekana mpelekeeni habari bwana shamba, kisha ling'olewe kabla ya kutoa maua, nao waling'oao wafunike mikono yao. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.