"Mtoto wa Nyoka ni Nyoka": Kifungo cha Mzazi na Dawa za Kulevya

Swali: "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Jadili ukweli wa methali hii ukirejelea Chozi la Heri na jamii ya leo. (alama 20)

Kulielewa swali
Watahiniwa wengi huandika kurasa mbili kuthibitisha kwamba mtoto wa mfungwa lazima awe mraibu. Hilo ni nusu ya jibu. Neno "jadili" linadai pande zote mbili.

Kuunga mkono
Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 uliwauliza watu wazima zaidi ya 9,000 wa California, Marekani, kuhusu utoto wao. Kuishi na mtu aliyewahi kufungwa kulikuwa miongoni mwa madhila waliyoulizwa. Waliopitia aina nne au zaidi za madhila walikuwa na hatari kubwa mara 4 hadi 12 ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua kuliko wasiopitia lolote. Sababu si ngumu kuona. Mzazi akifungwa, riziki hukatika, mtoto huhamishiwa kwa jamaa, na wenzake humsimanga. Huzuni asiyoweza kuisema huitafutia dawa mitaani.

Kupinga
Hatari si hukumu. Mtazame Dick. Wazazi wake hawakufungwa, lakini baada ya kubaki bila ulinzi wao, Sauna alimwiba na akaishia mikononi mwa mlanguzi. Kilichomwingiza humo ni ukosefu wa mlinzi, si damu ya ukoo. Isitoshe, aliiacha biashara hiyo na akaungana tena na ndugu zake.

Makosa ya kuepuka
1. Kumwita Dick mraibu. Alilazimishwa kulangua; kulangua si kutumia.
2. Kudai kuwa kifungo cha mzazi pekee ndicho chanzo. Sema "huchangia".
3. Kuhukumu. Mwaka mmoja niliwasomea wanafunzi insha iliyoitumia methali hii bila kuihoji. Msichana mmoja akainamisha kichwa hadi kengele ikalia. Baadaye nilijua babake yuko gerezani. Alama ya insha ile ingekuwa ya juu zaidi, na ya haki zaidi, iwapo mwandishi angeuliza: je, nani alimshika mkono mtoto huyo?

Hitimisho la mfano
Methali ina ukweli kiasi: mazingira humfinyanga mtoto. Hata hivyo, mlezi mmoja mwema, mwalimu au jamaa, anaweza kubadilisha mkondo wa maisha yake.

Zoezi
Taja wahusika wawili waliookolewa na walezi wasio wazazi wao. Eleza jinsi malezi hayo yalivyowafaa. (alama 6)