Kelele, Mwingilio na Kujitetemesha: Istilahi katika Uchunguzi wa Kikuza-Mawimbi cha Moyo

1.0 Utangulizi
Makala haya yanajadili istilahi tatu zinazohusu mawimbi yasiyotakiwa katika kikuza-mawimbi cha moyo, yaani saketi ikuzayo volteji ya moyo ambayo juu ya ngozi hufikia takriban milivolti 1 tu. Hoja ya msingi ni kwamba neno kelele, likitumiwa kwa kila wimbi la aina hiyo, huficha chanzo cha hitilafu. Na fundi asiyejua chanzo hutumia tiba isiyofaa.

2.0 Vyanzo Vitatu
Kelele, kwa maana finyu, ni mabadiliko ya volteji yasiyo na mpangilio, kama yale yatokanayo na joto ndani ya vikinza. Mwingilio ni wimbi litokalo nje, mathalani lile la hezi 50 kutoka nyaya za umeme wa gridi za Afrika Mashariki. Aina ya tatu huzalishwa na saketi yenyewe: sehemu ya tokeo hurudi kwenye ingizo, na ikirudi kwa awamu ileile bila kupungua nguvu, wimbi hujiendeleza hata pasipo mgonjwa.

Neno mtetemo halitoshelezi aina hii, kwa kuwa tetema hueleza tendo bila kuonyesha kisababishi. Kauli ya kutendesha, tetemesha, humwingiza mtenda. Kiambishi cha kujirejea -ji- huonyesha kuwa mtenda na mtendwa ni mmoja. Kwa hiyo kujitetemesha ni istilahi inayobeba chanzo ndani ya umbo lake.

3.0 Matumizi
Utaratibu wa uchunguzi unaithibitisha tofauti hiyo. Kwanza, mgonjwa hutenganishwa na chombo. Ncha za ingizo huunganishwa pamoja na kwenye waya wa rejea, kisha tokeo hutazamwa kwa osiloskopu. Wimbi likibaki, na marudio yake hayahusiani na hezi 50, saketi inajitetemesha. Likitoweka, haifai kuhitimisha upesi, maana kebo yenyewe yaweza kuchangia. Basi irudishwe, iguswe na isogezwe. Marudio yakibadilika, huo si mwingilio wa gridi, kwani mkono wa fundi haubadilishi marudio ya gridi.

Chati ya moyo pekee haitoshi. Kujitetemesha kwa mamia ya kilohezi hakuonekani humo, bali huweza kuhamisha mstari wa msingi, na kosa likadhaniwa kuwa la elektrodi. Kichujio cha hezi 50 hakiondoi hitilafu hii. Kinachofaa ni kuweka kapasita ya mikrofaradi 0.1 karibu na ncha za ugavi wa umeme, kutenga nyaya za tokeo na za ingizo, na kuweka kikinza kidogo kati ya tokeo na kebo ndefu.

4.0 Hitimisho
Imedhihirika kwamba uteuzi wa istilahi ni sehemu ya uchunguzi wenyewe. Ripoti isemayo "kuna kelele" humwachia fundi anayefuata kazi yote. Isemayo "saketi inajitetemesha" humwonyesha pa kuanzia.